Nilivyopeleka Tangi Bungoma Nikafunzwa Kumeza Dawa

Mlioniona asubuhi ile nikipanda lori la Baba Kioko na begi la nguo mkononi, tangi jeusi la maji likiwa limefungwa kamba nyuma, mlidhani nimeachika. Najua, kwa sababu niliporudi wawili kati yenu mlikuja kunipa pole kabla sijavua viatu. Tangu hapo nimeulizwa kwenye mazoezi ya kwaya, kwenye foleni ya maji na hata kanisani wakati wa sadaka: Mwende, huko Bungoma kulitokea nini, mbona umerudi mtu mwingine? Nimekuwa nikijibu nusunusu. Sasa naandika yote mara moja, asiwepo wa kuambiwa na mwingine.

Kwa wale wageni katika kwaya: mimi ni mpiga chapa, kibanda changu kiko karibu na mahakama za Makadara, nachapa viapo na barua za watu wenye kesi. Mume wangu Simiyu ni wa kiwandani. Tumeoana miaka sita na mtoto hatuna. Mimba mbili zilitoka, ya kwanza ikiwa na wiki tisa, ya pili kumi na moja, na hilo hatukumwambia mtu. Tulizika kimya kimya, kama huko kunaweza kuitwa kuzika, tukarudi kazini.

Kwa miaka mitatu hivi mwili wangu ulikuwa umenigeuka. Nilikuwa nahisi baridi mwezi wa pili, wakati nyinyi mnajipepea na vitabu vya nyimbo. Nywele zilibaki kwenye kitana. Uso ulijaa, sauti ikawa nzito mpaka mwalimu wa kwaya akanihamisha kutoka sauti ya kwanza. Hedhi ilikuja ilipotaka, na ikija ilinimaliza. Nilitibiwa homa ya matumbo mara mbili, nikatibiwa vidonda vya tumbo ambavyo sikuwa navyo, nikaambiwa nina mawazo. Hatimaye kliniki moja ya mtaani ilinipima damu ikasema ni tezi ya shingoni, ile inaitwa thairoidi, imelegea, haitoi kile mwili unachohitaji. Nikapewa vidonge vidogo vyeupe vya kumeza kila siku, na vyekundu vya kuongeza damu. Nilivimeza miezi minane bila kukosa siku. Sikuona mabadiliko. Nilipouliza, nikaambiwa nivumilie.

Hiyo ndiyo hali niliyosafiri nayo.

Makadara hadi Mai Mahiu

Tangi lilikuwa la mama mkwe. Simiyu alikuwa amemwahidi tangu mwaka jana, na kwa kuwa kiwandani walimnyima ruhusa, tukakubaliana niende mimi. Alizungumza na mwenye lori, si na dereva. Kwa hiyo Baba Kioko, ambaye mnamfahamu, jirani yetu wa ploti ya nyuma, alichoona ni mke wa mtu akipanda lori na begi na chombo kikubwa cha nyumbani.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu. Mpaka tunamaliza Jogoo Road alikuwa ameanza kunisimulia ndoa yake. Aliniambia jinsi Mama Kioko alivyowahi kurudi kwao Kangundo miezi miwili, na jinsi yeye mwenyewe alivyomfuata na mbuzi. Akasema ndoa ni kama injini, haizimwi kwa sababu imetoa moshi kidogo. Niliitikia tu. Wakati ule kichwa changu kilikuwa kizito, jibu lilikuwa linachukua muda kufika mdomoni, na kimya changu akakisoma kuwa uchungu. Akazidi. Tulipokuwa tunateremka bondeni, magari yametufungia njia kwa sababu ya trela lililokwama konani, aliniuliza kwa upole kama Simiyu alikuwa amenipiga.

Ndipo nikaelewa. Nikamwambia tangi ni la mama mkwe, mimi nimetumwa tu, kesho kutwa narudi na yeye mwenyewe akitoka Malaba mpakani.  Kisha akasema ameanza kuona njaa.

Mai Mahiu tulikula kwenye mkahawa wa madereva. Chai ya maziwa, iliyochemka mpaka ikawa na rangi ya tope, na mandazi ya moto. Nikatoa vidonge vyangu, cheupe na chekundu, nikavitia mdomoni pamoja, nikavisukuma kwa chai, kama nilivyofanya kila asubuhi kwa miezi minane. Naandika jambo hili makusudi. Ningekuwa nimejua, ningeviacha mfukoni.

Mizani ya Gilgil

Hapa tulikaa kwa muda wa saa nne. Foleni ya malori ilikuwa imefika mbali, na mtambo wa kupimia uzito ulikuwa umegoma. Baba Kioko alilala kwenye usukani. Mimi nikashuka kunyoosha miguu, maana ilikuwa imevimba.

Kando ya barabara palikuwa na mama mmoja anauza mayai ya kuchemsha na kachumbari. Aliponiona aliinuka, akanipa kigoda chake na kuniambia niketi, nisimame nini na hali yangu hiyo. Alimenya yai, akalipasua, akalijaza kachumbari, akanipa. Nilipotaka kulipa akakataa. Akauliza ni miezi mingapi.

Sweta langu lilikuwa kubwa na tumbo langu wakati ule mlikuwa mnaliona. Ningemwambia ukweli. Lakini alikuwa ameniangalia vizuri mno, na ilikuwa muda mrefu tangu mtu aniangalie hivyo.

"Mitano," nikasema.

Akaniambia wa mitano huanza kucheza, nisiogope. Akanisimulia watoto wake wanne na jinsi kila mmoja alivyokuja. Nilikula yai la pili. Nilipopanda lori nilifunga kioo na kulia taratibu mpaka tukafika Nakuru, na Baba Kioko, ambaye sasa aliogopa kuuliza, aliwasha redio.

Salgaa hadi Timboroa

Tulilala Salgaa, yeye kwenye lori, mimi kwenye chumba cha wageni ambacho kitanda chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Asubuhi ilikuwa chai tena na chapati, vidonge tena.

Wanaoijua barabara hiyo wanajua Timboroa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya viazi, na watu wanaouza karoti kando ya njia walikuwa wamevaa makoti mawili mawili. Mimi nilikuwa na sweta tatu na leso kichwani, na bado meno yaligongana. Baba Kioko alivua koti lake akanipa bila kusema neno. Baadaye akasema dada yake marehemu alikuwa hivyo hivyo, anahisi baridi juani, na shingo yake ilikuwa imejaa mbele. Walimtafutia dawa za kienyeji huko Machakos, hospitali hawakumpeleka kwa sababu hakuwa analalamika maumivu.

"Wewe shingo yako umeonyesha daktari?" akauliza.

Nikamwambia nimeonyesha, dawa ninameza.

"Na zinafanya kazi?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo kwa miezi minane.  Nilitazama nje mpaka ukungu ukaisha.

Kutoka barabara kuu hadi kwa mama

Tulipopita Webuye mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kwa mama mkwe ni ndani kidogo ya barabara ya lami, kilomita mbili za udongo mwekundu, na Baba Kioko aliuangalia udongo ule kama mtu anayeangalia deni. Akasema lori haliingii huko. Tukashusha tangi barabarani.

Tulikuwa tunawaza cha kufanya wakati watu walipoanza kutoka mashambani. Hawakuuliza mengi. Walililaza tangi ubavu wakaanza kulibiringisha kama pipa, wanaume wanne nyuma, wengine mbele wa kulizuia kwenye mteremko, na akina mama wakiimba. Nilifuata nyuma na begi langu, nikipumzika kila baada ya hatua chache. Nilisikia mmoja akisema kwa Kibukusu kitu kuhusu mke wa Simiyu na wote wakacheka, nikacheka pia bila kujua ninachekea nini.

Mama mkwe alikuwa amesimama langoni. Jina lake ni Selina, mwanamke mrefu, mjane, mkulima wa mahindi na maharage, asiyependa maneno mengi. Alilizunguka tangi mara mbili, akaligonga kwa kidole, kisha akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Alikuwa amechinja kuku. Tulikula ugali wa wimbi, kuku na mboga ya mrenda, tukaomba, tukalala. Nasema hivi mjue alinipokea vizuri. Yaliyofuata hayakuanza na ubaya wa moyo.

Asubuhi ya vidonge

Asubuhi Nanjala, wifi yangu mdogo anayeishi na mama yake, aliniletea uji chumbani. Alinikuta na karatasi ya vidonge mkononi. Akaitazama, akatazama uso wangu, akaweka uji chini na kutoka.

Nanjala alikuwa ametoka kufundishwa mambo ya uzazi wa mpango kwenye kituo cha afya. Walionyeshwa vidonge vidogo vyeupe, vya kumezwa kila siku, wakati ule ule, bila kuruka. Mimi ni mke wa miaka sita bila mtoto, na nimeficha karatasi ya vidonge kama hivyo ndani ya begi. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefikiri hivyo.

Mama mkwe aliniita jikoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mbele yake ameweka vidonge vyangu juu ya sinia. Nanjala alikuwa mlangoni anaangalia miguu yake.

"Mwende, hivi ni vya nini?"

Nikamwambia ni vya tezi ya shingo.

"Shingo yako inauma?"

Nikasema haiumi.

Aliniuliza tangu lini ninameza dawa ya shingo isiyouma. Nikajaribu kueleza, lakini mlikuwa mnanijua wakati ule, nilikuwa nazungumza kama mtu anayetafuta maneno kwenye gunia. Kila nilivyochelewa ndivyo nilivyoonekana mwongo. Akampigia Simiyu simu. Simiyu alikuwa kazini, mashine zinanguruma, akasikia mama yake anauliza habari ya dawa na watoto, akaingiwa na hofu kwamba mama amejua zile mimba mbili. Akaanza kusema hata yeye hajui vizuri, watazungumza jioni. Mama mkwe akakata simu.

Hakupiga kelele. Alisema mwanawe ananunua tangi la maji kwa ajili ya nyumba ambayo mkewe ameifunga kwa kidonge. Akasema yeye si mtu wa kuhukumu kwa kusikia. Kuna hospitali ya misheni kilomita sita kutoka pale, na daktari wake hana undugu na upande wowote. Tungeenda leo, na mimi ningeambiwa mbele yake ninachomeza.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kuchukua begi langu. Nilikuwa nimechoka sana hata kukasirika, na kwa kweli, tangu Timboroa nilikuwa nataka mtu anisomee vidonge vile.

Kilomita sita hadi hospitali

Tulipanda boda boda mbili, yeye mbele, mimi nyuma, na pikipiki yangu ikapasuka gurudumu katikati ya mashamba ya miwa. Mama mkwe alirudi kunitafuta, nafikiri alidhani nimetoroka. Tukaketi ukingoni mwa njia tukingoja gurudumu lizibwe, bila kusemezana. Alikuwa amebeba ndizi mbivu kwenye mfuko. Akakata moja, akanipa, akatazama upande mwingine. Hata katika hasira yake hangeacha mtu akae na njaa.

Daktari alikuwa bwana mmoja wa makamo, Barasa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mama mkwe hakungoja niulizwe ninaumwa nini. Aliweka vidonge mezani na kusema, "Daktari, huyu ni mke wa mwanangu. Nieleze mbele yake, hizi dawa zinazuia mtoto?"

Barasa alisoma karatasi ile nyuma na mbele. Akasema hapana mama, hazizuii mtoto. Hizi ni za thairoidi. Mwanamke ambaye tezi hii imelegea, yai linaweza lisipevuke, hedhi ikavurugika, na hata akishika mimba inaweza isishike vizuri. Dawa hii ikifanya kazi yake, ndiyo inayomsaidia apate mtoto.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani yameisha. Lakini Barasa alikuwa sasa ananitazama mimi, uso wangu, nyusi zangu ambazo zilikuwa zimeisha pembeni, miguu yangu. Akagonga nyuma ya kifundo cha mguu kwa kinyundo kidogo na kuangalia jinsi wayo ulivyorudi polepole.

Akaniuliza ninazimezaje.

"Asubuhi, na chai."

"Chai ya maziwa?"

"Ndiyo. Pamoja na hizi za damu."

"Kwa mkupuo mmoja?"

"Ndiyo."

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza tangu nianze nimepimwa damu tena mara ngapi, nikasema hata mara moja. Kipimo cha dawa kimewahi kuongezwa, nikasema hapana. Akaeleza taratibu, na ninawaandikia alivyoeleza kwa sababu kuna mmoja wenu ninayejua anameza kama nilivyokuwa nikimeza. Zile nyekundu ni madini ya chuma. Zikikutana na hizi nyeupe tumboni zinazishika, hazifiki kwenye damu. Chai na maziwa navyo vinapunguza. Isitoshe kile nilichopewa kilikuwa kipimo cha kuanzia tu, kidogo kwa mtu wa uzito wangu, na aliyenipa alipaswa kunipima tena baada ya wiki sita hivi akiongeze. "Umekuwa ukitibiwa kwa jina tu," akasema.

Kisha akauliza, huku akiandika, kama niliwahi kushika mimba.

Nilimwangalia mama mkwe. Alikuwa ameshika mkoba wake juu ya magoti.

"Mara mbili," nikasema. "Zilitoka zote."

Barasa akauliza za miezi mingapi, nikamwambia.  Nilisikia mkoba wa mama mkwe ukidondoka, na hakuinama kuuokota. Aliuliza kwa sauti ndogo ilikuwa lini. Nikamwambia ya kwanza ilikuwa mwaka ule wa ukame, ya pili karibu na Krismasi aliyotuita tukasema tuna kazi.

"Mlisema mna kazi," akasema.

"Ndiyo, mama."

Aliinama sasa, akauokota mkoba. Halafu akasema, "Ningekuja. Ningelia nanyi."

Barasa alitoka akasema anaenda kutafuta sindano ya kutolea damu. Sindano ilikuwa pale pale mezani.

Siku tatu za kungoja

Damu ilibidi ipelekwe Eldoret, na majibu yangechukua siku tatu. Baba Kioko alinipigia kusema foleni ya Malaba haisogei na nisimtarajie karibuni, kwa hiyo hatukuwa tumechelewesha mtu.

Niliporudi nyumbani nilikuta mama mmoja jirani amekuja na wanawake wenzake wawili, wameketi chini ya paa la jiko, wakiwa wamevaa kama watu wa kikao. Nanjala alikuwa amemwambia mmoja habari ya vidonge kabla hatujaondoka. Mama mkwe hakuingia ndani hata kunywa maji. Aliwaambia kwa Kibukusu, na baadaye Nanjala alinitafsiria huku akilia, kwamba mke wa Simiyu ni mgonjwa wa tezi, amepoteza watoto wawili, na kosa la kumdhania vibaya ni lake yeye Selina, wasilipeleke kwingine. Wale wanawake walivua leso zao za kikao wakanisalimia upya, mmoja mmoja.

Nanjala aliniomba msamaha. Nilimwambia kwamba kama hangesema ningerudi Nairobi na chai yangu.

Kumeza dawa vizuri katika nyumba ile hakukuwa rahisi. Barasa alikuwa ameagiza nimeze nikiamka, kwa maji matupu, kisha nikae saa nzima bila kutia kitu mdomoni, na zile za damu nizisogeze mpaka jioni. Lakini kwa mama mkwe chai hufuata macho, ukiyafumbua tu umeshamiminiwa. Asubuhi ya kwanza binamu wa marehemu baba mkwe alikuja kuniona, akanimiminia kikombe kwa mkono wake mwenyewe, na nilipokiweka chini alinikazia macho. Kukataa chai ya mzee alfajiri, na mimi mkamwana, ni kumwambia unamwogopa kama mchawi. Mama mkwe alikichukua kile kikombe akakinywa yeye, wote, akasema mkamwana atakunywa saa nzima ikipita. Yule mzee alingoja. Tulizungumza habari za mahindi saa nzima, kisha nikanywa chai yangu mbele yake.

Jioni ya pili mama mkwe alikuja kukaa nami tulipokuwa tunachambua maharage. Aliniuliza kama wale wawili walikuwa na majina. Nikamwambia hapana, walikuwa wadogo mno. Akaniambia kabla ya Simiyu alipoteza mmoja, wa miezi saba, na mama mkwe wake alimkataza kulia. Tulichambua maharage yakaisha.

Majibu yalikuja siku ya nne. Barasa alisema tezi yangu imelegea sana, kana kwamba sikuwa nimemeza kitu kwa miezi minane. Aliongeza kipimo. Akaniambia tusitafute mimba kwanza mpaka vipimo vitulie, nipimwe baada ya wiki sita popote nitakapokuwa, na siku nitakayokosa hedhi nisingoje hata wiki, niende nipimwe, kwa sababu mwenye mimba huhitaji dawa zaidi mapema. Mama mkwe alimwomba arudie hilo la mwisho. Akarudia.

Malaba, Burnt Forest, nyumbani

Baba Kioko alinichukua barabarani siku ya tano, amechoka, ndevu zimeota, lori limejaa magunia ya ufuta. Nilikuwa na mkungu wa ndizi, maharage na koti la sufu la marehemu baba mkwe nililopewa kwa ajili ya Timboroa. Nilimweleza yote kuanzia Webuye mpaka Eldoret.  Karibu na Burnt Forest alisimamisha lori, akashuka, akanunua gunia la viazi ambalo hakulihitaji, na kurudi macho mekundu. Akasema alikuwa anafikiria dada yake.

Salgaa tulilala tena. Asubuhi nilimeza kidonge kwa maji na kumwambia aagize chai yake, mimi nitangoja. Akasema atangoja pia. Tuliketi mbele ya mandazi yanayopoa, madereva wengine wakitushangaa.

Makadara

Simiyu alikuwa ameshazungumza na mama yake kwa simu kabla sijafika. Alinikuta chumbani akaketi kitandani na viatu vyake vya kazi. Alisema alidhani anamkinga mama asiumie. Nikamwambia nami nilidhani hivyo. Hatukugombana. Tulikuwa watu wawili waliobeba kitu kizito kila mmoja upande wake, akidhani mwenzake ndiye hatakiweza.

Kliniki ya mtaani ilishangaa niliporudi kutaka kipimo baada ya wiki sita. Niliambiwa nikijisikia vizuri inatosha. Nikasema sitoki mpaka nipimwe, na nikapimwa. Dawa ikaongezwa kidogo tena. Baada ya miezi mitatu niliamka siku moja nikajikuta nimefua nguo zote kabla ya saa mbili, na nikaketi ukingoni mwa karai nikishangaa. Sweta zikaisha moja moja. Hedhi ikarudi kwa mwezi, kama kalenda. Haya mliyaona wenyewe, ndiyo maana mnauliza.

Lililobaki hamjaliona. Mwezi wa nane tangu nirudi nilikosa siku zangu. Nilingoja siku tatu, nikaenda kupimwa mkojo na damu kabla ya kwenda kibandani, nikamweleza daktari yote, naye akaongeza dawa siku hiyo hiyo. Jioni nilimkuta Simiyu uani kwenye bomba, anasugua ovaroli. Nilimwambia. Alifunga maji. Alisimama pale mikono ikidondosha povu, akitaka kufurahi na akiogopa kufurahi.

"Tunyamaze kwanza?" akauliza.

"Mpigie mama sasa hivi," nikasema.

Akafuta mikono, akapiga, akanipa simu mimi. Nilimwambia mama mkwe kwamba mimba ni changa sana, wiki tano tu, na kwamba inaweza kwenda njia yoyote.  Nilisikia kuku wake kwa mbali.

"Daktari amejua?"

"Amejua, mama."

"Dawa ameongeza?"

"Ameongeza leo."

"Basi," akasema, "na mimi nimejua."

Leo mimba ina miezi minne na nusu.